Sakafu Iliyopimwa

Jumapili ya tatu baada ya mazishi ya mke wa fundi mwashi, saa tatu na robo asubuhi, kifuniko cha kalamu ya mchungaji kilianguka kutoka mimbarani. Kiligonga ngazi mbili, kikafika sakafuni, kikaanza kubingirika. Hakikuwa na haraka. Kilifuata njia ya katikati hadi benchi la pili, hapo kikapinda kushoto, kikaenda kusimama kwenye kiatu cha Mkurugenzi wa hospitali, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Mkurugenzi alikiokota, akakipangusa kwa leso, akampa jirani yake akirudishe. Mchungaji akashukuru na kuendelea na matangazo.

Dakika moja kabla ya hapo, fundi mwashi alikuwa amesimama na kusema haja yake. Ndivyo kanisa lile lilivyofanya kila Jumapili. Baada ya wimbo wa pili, mwenye neno na Mungu alisimama akalisema mbele ya watu, akakaa. Wengi waliomba kazi, au mtoto afaulu, au mguu upone. Fundi, ambaye watu walimwita Timazi kwa sababu hakuwahi kujenga hata banda la kuku bila kuning'iniza timazi, ule uzi wenye uzito wa kunyooshea ukuta, alisema hivi:

"Bwana, mtungi wa oksijeni wa wodi ya wanawake ulikuwa wapi Alhamisi ile? Ndilo hilo tu."

Akakaa.

Hakuanza kwa Mungu. Alianza hospitali. Mke wake alilazwa Jumatano kifua kikiwa kimembana, wakamwekea mtungi, na jioni akapata nafuu hata akaomba kitana. Alhamisi mtungi ukaondolewa, na saa kumi alasiri akafa. Muuguzi alimwambia Timazi, "Baba, mtungi haukuwepo," kisha akatazama mlangoni. Timazi akaenda kwa muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu akamtuma stoo. Stoo wakamtuma ofisini. Ofisini wakamwambia mwenye faili yuko semina. Alikwenda siku tisa, na siku ya tisa wakampa barua yenye mhuri inayosema suala lake linashughulikiwa. Wakubwa ni hodari wa kushughulikia. Unaweza kuota mvi ukiwa unashughulikiwa.

Kwa hiyo akalipeleka kanisani, kwa kuwa hakukuwa na dirisha jingine la kulipeleka.

Jumapili iliyofuata aliuliza tena, kwa maneno yale yale. Penseli ya mwalimu wa kwaya ikashuka kwenye kinanda ikaenda kwa Mkurugenzi. Kishikizo cha shati la mtu kikaenda. Nyanya iliyoletwa kwa shukrani ikatoka kwenye kapu lake mbele ya madhabahu, ikapita miguu kumi na minne bila kugusa hata mmoja, ikatulia kwenye kiatu kile kile. Na Bibi Kiti, mjane wa miaka themanini na mbili aliyekuja ibadani kwa kiti cha magurudumu, naye akaanza kwenda. Hakukamata magurudumu. Alishika mkoba wake mapajani, akateremka polepole mpaka magoti yake yakagusana na ya Mkurugenzi.

"Shikamoo, bibi," Mkurugenzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa miguu yangu, kama unavyoona."

"Naona, bibi. Breki zimelegea."

"Breki mpya. Mjukuu wangu ameziweka juzi." Akamtazama vizuri. "Basi nikae hapa hapa? Maana nikirudi, nitakuja tena."

Akakaa hapo hapo. Ibada ikaendelea.

Wazee wa kanisa walikutana Jumanne. Walikuwa saba, na wote walikubaliana kwamba sakafu ilikuwa na hitilafu. Waliyemwita ni Timazi mwenyewe, kwa sababu sakafu ile aliimwaga yeye, miaka saba nyuma, na mke wake ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Timazi alikuja na pima maji yake ndefu. Akailaza mlangoni, akailaza katikati, akailaza mbele ya benchi la pili. Kila mahali kipovu kilikaa kati ya mistari miwili kama mtoto aliyelala.

"Iko sawa," akasema.

"Una hakika, fundi?"

"Mimi sina. Pima maji inayo."

Wakaweka mpira sakafuni. Haukwenda popote. Mzee mmoja, mtu wa busara, akamwomba Timazi aseme ile haja yake. Timazi akaisema. Mpira ukaondoka taratibu ukaenda kwa Mkurugenzi, ambaye safari hii alikuwa amekaa upande wa kulia ili kubadilisha mambo.

Karani wa baraza aliandika kwamba sakafu imepimwa na imeonekana iko sawa. Mkurugenzi akatia saini. Mambo mengine hawakuandika, maana kipimo hakikuyaonyesha. Ila walimwomba Timazi, kwa upendo wa Kikristo, awe anauliza kimoyomoyo. Timazi akakubali. Jumapili ile alifunga mdomo na kuuliza ndani kwa ndani, na vitu vikabingirika vile vile, tena mapema zaidi, kwa sababu kimoyomoyo mtu hahitaji kusubiri wimbo wa pili.

Wiki hiyo mchungaji alimtembelea nyumbani. Binti wa Timazi alikuwa kwenye cherehani, anashona mashati ya sare, na hakuinuka ila aliitikia salamu. Mchungaji alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua, wala hakuna aliyemwambia.

"Ndugu yangu," akasema, "kuna maswali ambayo sisi wanadamu hatupewi majibu yake upande huu. Imani ni kumwamini Bwana hata pale tusipoona."

"Namwamini," Timazi akasema.

"Sasa?"

"Sasa mtungi ni chuma, mchungaji. Una kimo cha mtoto wa darasa la tano. Mtu aliushika akautoa mlangoni. Hilo si la upande wa pili, ni la upande huu huu."

Binti akasimamisha cherehani. "Baba mchungaji, chai ina sukari?"

"Inatosha, mwanangu," mchungaji akasema, ingawa alikuwa hajaionja.

Mwezi wa pili wa maswali hayo, Mkurugenzi alisafiri kwenda kwenye mkutano wa wakurugenzi. Jumapili hiyo benchi la pili lilikuwa na nafasi, na watu wengi walidhani vitu vitatulia. Timazi akauliza. Mshumaa ukashuka madhabahuni, ukafika kwenye nafasi ya Mkurugenzi, ukasita kidogo kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa, halafu ukageuka. Ukarudi njia ya katikati, ukatoka nje ya mlango. Nyuma yake zikafuata nyanya mbili, shanga na gololi ya mtoto. Mwisho akafuata Bibi Kiti, mkoba mapajani, akiwaaga waliokuwa mabenchi ya nyuma.

Ibada ilipokwisha walimkuta uani, ameegemea geti. Vile vitu vingine vilikuwa chini ya magurudumu yake, vimejipanga kwenye upande wa kulia wa geti, karibu na bawaba.

"Ni hapa," Bibi Kiti akasema. "Nimegonga mara tatu. Kiti hakiendi mbele zaidi ya hapa."

Geti lilikuwa jipya, la chuma kizito, jeusi, na misalaba miwili imechomelewa katikati. Kibao kilisema ni zawadi ya Mkurugenzi na familia yake kwa utukufu wa Mungu. Timazi alilijua geti lile. Nguzo zake mbili alizijenga yeye. Alichuchumaa mbele ya bawaba ya kulia akaitazama, na hapo ndipo Alhamisi ile ilipomrudia, yote, kwa mpangilio wake.

Alhamisi ile alikuwa anapiga lipu nguzo ya kulia. Askofu alikuwa anakuja Jumapili kuzindua geti, na fundi wa kuchomelea alikuwa ameishiwa oksijeni ya kukatia chuma, bawaba zikiwa bado hazijakatwa. Saa nne asubuhi gari la hospitali likaingia uani na mtungi nyuma. Dereva akasema, "Fundi, hebu nipe mkono hapa." Timazi alinawa saruji kwanza, kwa sababu ni mtu msafi, kisha akaenda akashika upande wa chini. Begani mwa mtungi paliandikwa W3 kwa rangi nyeupe. Timazi alisoma mpaka darasa la pili. Herufi aliziona, akadhani ni alama ya kiwanda; hakujua ni Wodi ya 3, ya wanawake. Wakaulaza karibu na nguzo. Ardhi pale ilikuwa na mteremko, basi akachukua tofali, akalipasua kwa mwiko, akatia nusu huku na nusu huku, mtungi usibingirike. Halafu akarudi kwenye lipu yake. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Mke wake alikuwa amepata nafuu, na yeye yuko kazini kwenye nyumba ya Bwana. Alifanya kazi mpaka muda wa kuona wagonjwa, akafika wodini saa kumi na nusu na saruji kwenye kucha.

Aliinuka pale getini akajipangusa magoti.

"Umepata?" Bibi Kiti akauliza.

"Nimepata."

"Basi nisukume, tuondoke kwenye jua."

Fundi wa kuchomelea alikuwa na kibanda chake nyuma ya soko. Alipomwona Timazi alizima moto na kuvua miwani ya kazi.

"Mtungi ulikuja na gari la hospitali," akasema kabla hajaulizwa vizuri. "Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Uliuliza unatoka wapi?"

"Niulize nini, fundi? Mwenye hospitali ndiye mwenye geti."

"Uliutumia mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kumi na moja. Zile bawaba ni nene." Akageuza miwani mikononi. "Moto wake ulikuwa mzuri, kusema kweli. Ulikata chuma kama sabuni." Kisha akasikia alichosema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Timazi akamsamehe, kwa kuwa yule hakuwa mkubwa wa mtu.

Mkurugenzi aliporudi, Timazi alimfuata hospitali. Alikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili hadi saa saba. Ofisi ilikuwa na zulia na feni, na juu ya meza palikuwa na kalamu ya mviringo ambayo haikutikisika muda wote. Sakafu za hospitali zilikuwa za kawaida.

"Mzee, mtungi ulikuwa getini," Timazi akasema.

Mkurugenzi hakubisha. "Ulikuwa getini, kwa saa chache. Ulirudishwa na namba yake, na kitabu cha stoo kinaonyesha."

"Mke wangu alikufa saa kumi."

"Pole sana, fundi. Nilitoa pole kwa maandishi."

"Nani alisema utolewe wodini?"

"Wagonjwa walioutumia siku hiyo hawakuwa na hali mbaya. Mke wako alikuwa anachana nywele. Hayo yamo kwenye ripoti." Akasogeza kiti. "Tena ilikuwa kazi ya Bwana. Askofu anakuja, geti halina bawaba, wewe ungefanyaje? Na kwa taarifa niliyo nayo, aliyeushusha mtungi garini ni wewe. Dereva ameniambia. Hukuuliza siku ile. Mbona unauliza leo?"

Timazi akainuka, akasema asante, kwa sababu alilelewa hivyo, na katibu muhtasi akamfungulia mlango.

Baraza la wazee likakutana tena. Karani alimsomea Timazi walichoamua, polepole, ili asipitwe na neno. Baraza limepokea habari za mtungi kwa masikitiko. Baraza linaona kwamba kifo na uzima ni miongoni mwa mafumbo ya Mungu. Baraza linamwombea ndugu fundi amani ipitayo akili zote. Geti libaki.

Bibi Kiti alikuwa amebingirika mpaka ndani ya kikao. Hakuna aliyejua kwa nini, maana Timazi alikuwa bado hajauliza kitu.

"Fumbo gani hilo lenye dereva?" akasema.

Wazee wakacheka kidogo, kama watu wanavyochekea wazee. Karani hakuliandika.

Jumapili iliyofuata Timazi hakwenda kanisani. Wala ya pili yake. Alikaa barazani akinoa patasi ambayo mwashi haihitaji. Jumapili ya tatu binti yake alimkuta anavaa shati jeupe.

"Unakwenda, baba?"

"Nakwenda."

"Kwa watu wale?"

"Si kwao." Akafunga vishikizo. "La mtungi nimeshajibiwa. Sasa nina jingine."

"Lipi?"

"Kwa nini mikono yangu. Yeye alikuwa anaona. Aliniona nanawa, nashika, natia tofali. Angeweza kuniangushia hata jiwe kidoleni, nisiushike."

Binti alikata uzi kwa meno. Alikuwa na uso wa mama yake, na siku hiyo ulikuwa umechoka. "Hatakujibu."

"Najua."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

Timazi akakaa kitandani kuvaa viatu. "Kaka yako alikufa ana siku nne, wewe hujazaliwa. Mama yako aliuliza miaka ishirini na sita kwa nini. Hakupata hata nusu neno. Na kila Jumapili alijifunga kitambaa akaenda. Siku moja nilimwambia, mama watoto, huyo unayemwendea hasemi na wewe. Akaniambia, najua, ila naenda kukaa naye karibu, asije akadhani nimekasirika nikahama." Akakaza kamba ya kiatu. "Mimi nimekasirika. Lakini sijahama."

Binti alimtazama mpaka akatoka.

Haja mpya ya Timazi iliwapendeza wazee, kwa sababu haikutaja mtungi wala wodi wala mtu. Alisimama akasema, "Bwana, kwa nini mikono yangu?" akakaa. Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Hili lilikuwa swali la kiroho, la aina anayoijua. Lakini sakafu haikuachana na lile la kwanza. Mshumaa ulishuka. Nyanya zikatoka kapuni. Bibi Kiti akaanza safari yake.

Watu wakazoea. Mishumaa iliwekwa kwenye makopo ya mchanga. Kinanda kilifungwa kwenye nguzo kwa mnyororo. Waliokuja na matunda ya shukrani walileta ndizi, ambazo hazibingiriki. Kikombe cha meza ya Bwana kilishikwa na watu wawili. Mgeni akiingia, mhudumu wa mlangoni alimnong'oneza, "Karibu sana, shikilia vitu vyako." Fundi mwingine aliletwa kutoka mbali akaweka saruji mpya juu ya ile ya zamani. Akailaza pima maji yake, kipovu kikakaa katikati, akalipwa akaenda. Jumapili ile gololi zilikwenda vizuri zaidi, kwa sababu saruji mpya ilikuwa laini.

Hakuna aliyesema hajui. Kila mtu alijua. Akina mama walijua, kwaya ilijua, watoto wa darasa la Jumapili walijua na walikuwa na mchezo wao ambao mmoja anakuwa mtungi. Mwishoni mwa mwaka ulifanyika uchaguzi wa baraza. Jina la mwenyekiti lililopendekezwa lilikuwa moja, na mikono ikainuliwa. Mkurugenzi akatoa neno la shukrani akiwa ameshika limau lililomfikia wakati wa kuhesabu mikono. Wodini kwa wanawake mtungi ulikuwa mmoja, na siku nyingine ulikuwa haupo.

Jumapili ya ubatizo waliletwa watoto sita. Wa tatu alikuwa na nguvu, akapiga teke beseni, na maji yote yakamwagika. Hayakutawanyika. Yalijikusanya yakawa mkondo mwembamba, upana wa kiganja, yakashika njia ya katikati. Mama wa mtoto aliomba radhi, mchungaji akaagiza maji mengine. Kwaya haikusimama. Watu wa benchi la kwanza waliinua miguu, na maji yakapita. Kwenye benchi la pili yakapinda kushoto. Mkurugenzi, macho yakiwa kwenye kitabu cha nyimbo, naye akainua miguu. Mkondo ukazunguka chini yake, ukazunguka tena, ukatafuta. Aliishikilia miguu juu ubeti mzima, mapaja yakimtetemeka kidogo, kwa sababu hakuwa kijana. Hatimaye maji yakageuka yakaelekea mlangoni, yakatoka kwenda getini. Mkurugenzi akashusha miguu, akageuza ukurasa, akaingia kwenye ubeti wa tatu kwa sauti ya besi.

Wimbo ulipokwisha, Timazi akasimama.

"Bwana," akasema, "kwa nini mikono yangu?"

Hakukaa mara moja. Alisubiri, mikono ikining'inia, na kanisa zima likasubiri naye kwa adabu, muda ule ule waliozoea kumpa. Nje palisikika ndege, na gari likipita. Halafu mchungaji akasema amina, watu wakasema amina, na akaitwa mtoto wa nne.